Godauni Lililojaa Sabuni

Nimefanya kazi nyingi kwa muda mfupi mfupi, na nyingi niliziacha kwa sababu tu nilikuwa nimeshajua zinavyofanywa. Ile ya ukuli huko Changamwe nilidumu nayo miezi mitatu, kwa ajili ya sabuni.

Tulikuwa tukishusha katoni za sabuni ya unga kutoka kwenye malori na kuzipanga godaunini. Kila siku zilikuja nyingine. Zilifika darini, zikaziba njia ya katikati, hatimaye mlinzi akatolewa nje na kiti chake. Nikamuuliza karani mali hii yote ni ya nani. Akaniambia ni ya kampuni ambayo hata mimi ningeweza kuwa mmoja wa wenyewe, maana hisa zake huuzwa kwa yeyote.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini nikisikia jambo nisilolijua sipati usingizi. Nikaenda mjini, nikampata wakala wa hisa, nikamuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Alinieleza kwamba bei hupanda na kushuka, na kwamba nisitie pesa nitakazozihitaji karibuni. Nilimsikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwao. Yeye alikuwa na makaratasi. Mimi godauni nililiona kwa macho yangu. Nikanunua hisa kwa akiba yangu yote.

Wakati huo nilikaa mtaa wa Shika Adabu kwa shangazi yangu, ambaye hupika mahamri na kuyauza mlangoni kila asubuhi. Paa lake la makuti lilikuwa limechoka, na zamu yake ya mchezo wa akina mama ilikuwa imefika: wenzake walimchangia pesa za kuezekea mabati kabla ya masika. Ilibaki kama miezi miwili.

"Shangazi, usinunue mabati sasa," nikamwambia. "Tia hisa. Ukija kuzitoa, utaezeka mabati ya rangi."

"Mekundu?"

"Upendavyo."

Akafurahi, akaifuta mikono unga, akaanza kuitafuta simu. "Kwani hao watu wako wana nini?"

"Wana mali! Godauni limejaa mpaka mlinzi anakaa juani."

Akasita. "Limejaa tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Na kila siku zaidi."

"Na zinazotoka?"

Nikafikiri. "Sijaona."

"Ewe mwana! Mimi hamri zikiwa bado zimejaa beseni saa nne, hulia. Wewe wanunua hisa!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilizitazama zile katoni kwa macho, si kwa mgongo. Nyingi zilikuwa zimefungwa gundi mara mbili, na ndani pakiti zilikuwa na vibandiko vya bei vya maduka.

"Hizo zimerudi," karani akasema. "Maduka hayazitaki."

Kumbe utajiri niliokuwa nikiubeba ulikuwa unarudi kwao.

Nikamwambia shangazi ukweli, nikingoja masimango. Kisha, kwa kiburi kilichonibakia, nikaongeza kwamba nilikuwa nimesoma habari za kampuni nyingine, madhubuti, na ningeweza kumtilia huko.

"Iwe madhubuti vipi," akasema, "mvua haingoji bei ipande. Nipeleke kwa muuza mabati."

Ndipo nilipomwelewa yule wakala. Nilidhani swali ni kampuni gani tu, kumbe ni pesa za nani, na anazitaka lini. Hisa zangu zingeweza kushuka mwaka mzima, nami nikaendelea kuzurura kama kawaida. Za shangazi zingeshuka wiki mbili tu, wiki mbaya, naye angelala baina ya masufuria ya kukingia maji.

Zangu zilishuka kweli. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, meupe ya kawaida, kelele zilikuwa kubwa hata tukawa tunapigiana ukelele chumba kimoja. Aliniona nikiitazama simu.

"Zimeshuka tena?"

"Tena!"

"Pole, mwanangu!" Alikuwa akicheka. Akatazama dari lake kavu, kisha akafungua pindo la leso na kunipa noti chache zilizobaki baada ya kuezeka. "Hizi zitie kwa hao madhubuti wako. Hizi hazina haraka."