Mizani ya Moyo wa Papa

Kazi yangu, kwa wanaopenda kucheka, ni kupima nguvu za seli moja ya moyo. Unailaza ikiwa hai juu ya jeli laini yenye vishanga visivyoonekana kwa macho. Inajikunja, vishanga vinasogea, nawe unakokotoa imevuta kiasi gani. Mashine yenyewe imejaa chumba kizima huko Ulaya, na meza yake haitaki hata mtu apige chafya. Watu wazima wenye akili zao wananilipa kwa hilo.

Katika ukoo wetu ni Papa, baba yangu, peke yake asiyenicheka. Alizeeka akinunua dhahabu Wamaza, kule Kabambare, akiipima kwa njiti za kiberiti badala ya mawe ya mizani, kwenye mizani ndogo, mlango na dirisha vimefungwa ili upepo usimdhulumu mtu. Nilipomweleza kazi yangu kwa simu alielewa papo hapo: kitu kidogo, mizani ndogo, upepo marufuku.

Alielewa vizuri mno. Moyo wake ulipoanza kuchoka na miguu kuvimba, alikataa katakata kupelekwa hospitali ya Kasongo. Dada yangu alinipigia akilia.

"Anasema mutoto yake anapimaka mioyo kwa Wazungu, hawezi kupimisha kwa watu ingine. Anakungojea na mashini yako."

Nikapanda ndege, kisha pikipiki kutoka Kasongo, ambayo niliisukuma zaidi ya nilivyoipanda. Nilifika na nguo mbili tatu, dawa ya mbu, na shahada isiyotibu hata mafua.

Papa alikuwa ameketi mezani. Alikuwa amefunga mlango na dirisha, akapangusa mizani yake na kuisogeza kando ili yangu ipate mahali. Ile nafasi tupu mezani iliniuma kuliko miguu yake.

"Mashini iko wapi?"

"Papa, ile inapima seli moja tu. Moyo muzima haiwezi."

Akafikiri kidogo. "Basi pima moja, kisha uzidishe."

Hesabu safi. Wakubwa wangu husema hivyohivyo wanapoomba fedha.

Nikaweka kiganja kifuani mwake. Moyo ulivuta, ukasita, ukavuta tena bila haraka. Niliogopa sana.

"Iko na nguvu gani?"

"Ya kufika Kasongo iko."

Alinitazama kama alivyowatazama wachimbaji waliomletea mchanga wakiuita dhahabu. Kisha akaomba kofia yake. Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma nimemshika kifua njia nzima.

Alifia hospitalini juma hilohilo, baada ya kumsimulia kila muuguzi sifa za mwanawe mpimaji wa mioyo. Daktari aliniambia kwa upole, "Mungemuleta mapema."

Mapema alikuwa ananingoja mimi. Hata hivyo kipimo changu, sayansi isifiwe, hakikukosea: moyo wake ulitosha kufika Kasongo. Kurudi hakuniuliza.