Onyesha Kovu Kabla ya Kushika Chuma

Iko asubuhi moja ya kule sokoni Tawa ambayo sijaisahau, mwanangu, na jana wewe ndiwe uliyenirudisha huko kwa nguvu. Ulikuja hapa nyumbani, ukacheka huku umeshikilia tumbo, ukaniambia Jumatatu unaanza jimu. Ati umechagua ile mpya ya mjini kwa sababu "ina muziki na vioo kila mahali, baba mkubwa." Niliuma meno kama ninayetabasamu. Mama yako akadhani nimefurahi. Nilikuwa nahesabu moja mpaka kumi nisije nikakutukana mbele ya wageni.

Wiki sita tangu ufanyiwe upasuaji wa ngiri! Wiki sita, Mwendwa! Na mke wako ana mimba ya miezi saba. Sasa keti hapo, na hiyo simu uizime.

Mimi pia nilikatwa ngiri, upande huohuo wa kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, kazi yangu kupakia magunia ya ndengu kwenye malori pale sokoni Tawa, na huo mgongo wangu niliupenda kuliko nilivyompenda mke wangu, Mungu anisamehe. Daktari aliniambia nirudie nguvu polepole. Nikaitikia, ndio daktari. Kisha Jumapili ya tatu nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, na unajua vile sisi tunashuhudia: hakuna anayesimama kusema amepona nusu. Nikasema, "Nimepona kabisa, wapendwa, sina hata kaumivu!" Makofi, vigelegele, na mimi nikaruka mara mbili kuwaonyesha. Kule kuruka kuliniuma mpaka machozi yakanitoka. Watu wakadhani ni Roho.

Basi nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaona nisirudi kwenye magunia kabla ya kuujaribu mwili, nikatafuta mahali pa mazoezi. Kwanza nilienda Matiliku, kwa Mama Kanini. Huyu mama alikuwa amestaafu kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, akafungua chumba chenye mikeka, mipira ya kuvuta, na baiskeli moja ya kukanyaga isiyoenda popote. Nilipoingia hata jina hakuniuliza.

"Umekatwa wapi, lini, na karatasi ya daktari iko wapi?"

"Mimi nimepona, mama. Nimeshuhudia kanisani."

"Sijakuuliza mambo ya kanisa. Inua shati nione."

Mwaitu, mama yangu! Mimi, mwanaume mzima, mwenye boma langu, niinue shati mbele ya wamama watano waliolala kwenye mikeka wakinyoosha miguu? Na mmoja wao ni wa kwaya yetu! Angeona kovu bado ni jekundu, na kufika Jumapili kanisa zima lingejua nilidanganya. Nikatoka pale nimefura kwa hasira, hata kwaheri sikusema.

Asubuhi iliyofuata nikaenda nyuma ya mashine ya kusaga, hapo hapo Tawa. Vijana walikuwa wamejaza simiti kwenye mikebe ya rangi, wakatia bomba katikati, wakajiita jimu. Hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipapenda kwa sababu hiyo moja tu, na sikiliza vizuri, Mwendwa, kwa sababu ndiyo hiyohiyo yako. Usinidanganye na muziki. Wawili walikuwa wa kanisa letu, na waliponiona wakapaza sauti, "Huyu ndiye yule wa ushuhuda! Mwekeeni mikebe mikubwa!" Ningesema nini mimi? Nikashika bomba. Mara ya kwanza likapanda. Mara ya pili nikasikia kitu kimeachia ndani, pale palipokuwa pameshonwa, nikaketi chini kwenye vumbi la unga. Uvimbe ulitokea, mkubwa kama ngumi.

Nilikatwa tena. Safari hiyo daktari hakuniambia polepole, aliniambia magunia basi. Watu huniona kwenye kiduka changu nikiuza kamba na majembe, wakasema huyu mzee alipenda biashara tangu zamani. Biashara gani? Nilitaka malori!

Mama Kanini alikuja kuniona na chupa ya uji. Nikangoja anihurumie. Akanimiminia uji, akasema, "Mungu alikuwa bado anakuponya. Ni wewe uliyekuwa na haraka." Kisha akaniambia daktari akiniruhusu, mkeka wangu uko. Nilienda, na shati nikainua. Yule mama wa kwaya ndiye aliyenionyesha namna ya kupumua nikiinua mguu. Alikuwa amekatwa tumbo mara mbili. Wote watano walikuwa wamekatwa, na mimi niliona haya mbele yao! Ujinga ule bado unanichoma mpaka leo.

Kwa hivyo, mwanangu, kwanza utarudi kwa daktari umuulize kama unaweza kuanza, na uzito gani, na akuandikie. Usiniambie unajisikia sawa, hata mimi nilijisikia sawa. Kisha ukienda hiyo jimu usiangalie vioo, mwangalie mwalimu. Akikuuliza umekatwa nini, akataka hiyo karatasi, akakupa kitu chepesi mpaka unaona haya, huyo ni mtu wako, kaa naye. Akikupokea kwa makofi na kukuelekeza kwenye vyuma, toka. Ukisikia maumivu, weka chini, hata kama chumba kizima kinakutazama. Na wakikucheka, waache wacheke. Wale walionishangilia mimi hakuna hata mmoja aliyekuja hospitalini.

Daktari akikubali, Jumatatu tutaenda hiyo jimu pamoja, na usinikunjie uso. Nitakaa kwenye benchi nisikilize watakachokuuliza.

Mungu akushike, Mwendwa. Azikaze hizo nyuzi mahali nisipoweza kuona. Mtoto akija, umbebe, umrushe juu, umdake, na mimi niwe hapa nikuone ukicheka bila kushikilia tumbo. Amina.

Sasa simama. Inua shati nione.