Uzi Kutoka Jichoni hadi Getini

"Huo uzi umeuanzia pabaya, Baba," binti alisema kwa mara ya saba, na ile ya sita ilikuwa bado haijapoa. "Mwanga unatoka getini. Anzia getini, uufuate mpaka uingie humu."

"Nimeanzia jichoni miaka arubaini," alijibu Fundi Jicho kutoka juu ya ngazi, upara wake ukifuta utando wa buibui kwenye dari ya chumba cha nyuma. "Pale getini mwanga unatawanyika kila upande kama kuku waliofunguliwa banda. Wewe utawafukuza wote? Mimi nawataka wale wachache wanaokuja kulala humu."

"Kompyuta inawafukuza wote kwa dakika moja."

"Basi iambie ije ishike ngazi."

Mama, ambaye kitanda chake kilikuwa chini kabisa ya ugomvi huo, alikuwa amelala chali na nyonga yake iliyovunjika. "Gombaneni taratibu," alisema. "Mnanidondoshea vumbi mdomoni."

Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi mwana mkubwa angefika kumchukua mama akakae kwake. Alikwishasema kwenye simu, na alisema kwa uchungu: chumba kile ni kiza, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, tena karibu kiasi kwamba jirani akikohoa pazia linacheza, na mgonjwa hawekwi stoo kama gunia la viazi. Kwake kulikuwa na chumba cha ghorofa ya nne chenye dirisha la ukuta mzima.

"Nitaona nini huko?" mama alimuuliza. "Mawingu. Mawingu hayana habari. Mimi nataka nimwone anayeingia getini kabla yeye hajaniona, nipate kuchana nywele."

"Siku mkilileta geti chumbani, nitanyamaza," mwana akasema, akacheka.

Yeye alikuwa anatania. Lakini baba yake, linapokuja suala la mwanga, hajui utani. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshang'oa vioo viwili vya kabati.

Huyu Fundi Jicho alikuwa msaga lenzi za miwani. Aliingia kazini kuosha masinia ya tope la kusagia, na kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kushika kitu ila kitambaa. Alipokuja kukishika kioo, kikamtii. Karani mmoja alivaa miwani aliyomsagia siku ya Ijumaa akaiona Jumatatu yote inavyokuja, akaomba ruhusa mapema. Mzee mwingine aliweza kukiona kikohozi chake mwenyewe kikiwa bado kifuani, akawahi kuziba mdomo. Wanaobisha waende wakawaulize hao wenyewe, kama bado wapo.

Mkewe naye alimpata kwa lenzi. Binti wa watu alileta miwani ya baba yake, fundi akaisaga vibaya. Akairudisha, fundi akaiharibu tena. Mara ya tatu yule mzee alikuja mwenyewe, akipapasa kuta njia nzima, akamwambia, "Kijana, kama unamtaka, sema. Mimi najigonga milangoni."

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja. Wengine walitazama mwanga unatoka wapi. Yeye aliuliza unatakiwa kufika wapi, kisha akarudi nao kinyumenyume, kituo kwa kituo, mpaka kwao. Njia ni ileile, alisema, kwenda na kurudi. Kwa hiyo alifunga uzi mweusi jichoni, akaupandisha hadi kioo cha kwanza kilichoning'inia darini, miguuni pa kitanda. Hapo uzi ukakata kona, ukapenya tundu la hewa lililo juu ya mlango, ukanyooka korido nzima mpaka barazani. Chini ya paa la baraza kulikuwa na kioo cha pili, na kutoka hapo ukakata kona nyingine mpaka kwenye komeo la geti. Kwenye kila kona alikunja karatasi, akahakikisha uzi unaondoka kiooni kwa pembe ileile uliyofikia.

Binti alikuwa akichora lenzi za taa za magari kiwandani. Alijua uzi ule hauna kosa, na hilo ndilo lililomuudhi.

Saa tisa na nusu vioo vyote viwili vilikuwa vimekazwa skrubu. Fundi Jicho aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akatazama juu. Geti lile pale, na kutu yake. Akainuka taratibu kama mtu anayengoja kupigiwa makofi.

"Haya, mke wangu. Tazama."

Mama alitazama.

"Naona bomba la mvua," alisema.

"Tazama vizuri."

"Naliona vizuri sana. Lina kiota."

Fundi akaketi tena, akaliona geti. Akasimama, akaona paji lake la uso. Akamtazama mkewe alivyolala, kichwa kimezama ndani ya mto, na joto likampanda masikioni. Miaka arubaini wateja wake walikaa kwenye kiti mbele yake, macho usawa wa macho. Hakuwahi kulipima jicho lililolala. Ule uzi alikuwa ameufunga kwenye fremu ya miwani yake mwenyewe, akiwa ameketi wima.

"Ulianzia jichoni kweli, Baba," binti alisema polepole. "Ila la kwako."

Saa ya ukutani ilikuwa inamkimbia. Alipanda ngazi, akakishika kioo cha darini akitaka kukizungusha, halafu mkono ukasita.

"Na hiyo kompyuta yako inasemaje?"

"Inasema kwanza umpe Mama uzi aushike mwenyewe. Halafu unavyotaka kukiinamisha kioo, inamisha nusu yake. Kioo kikigeuka kidogo, mwanga unageuka mara mbili."

Hilo alilijua kabla binti hajaota meno. Alimwacha alimalize.

Mama akaushika uzi kwenye nyusi, kichwa kikiwa palepale kwenye mto. Binti alisoma pembe, fundi akalegeza skrubu, akainamisha kioo unene wa kucha. Jua la alasiri lililokuwa likilala barazani bila kazi likaingia koridoni, likapita tundu la hewa, likashuka likatandaa usoni mwa mama.

Mama akakodoa macho kiooni. Kisha akasema, "Yule mwenye duka la ng'ambo amenyoa. Angeacha tu." Halafu, kwa sauti nyingine, "Amefika."

"Nani?"

"Mwanangu. Anatoka garini. Ana begi kubwa, na linapepea, halina kitu ndani. Hilo ni la nguo zangu." Mkono ukatafuta kitana. "Anachomekea shati. Sasa ananusa kwapa."

Binti akaziba mdomo.

"Mbona amesimama? Mbona anatazama juu?"

Fundi Jicho akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

"Mzee," mama alisema. "Anatazama nini kule barazani?"

"Kioo."

"Ananiona?"

"Njia ya mwanga ni ileile, mke wangu, kwenda na kurudi. Ukiliona jicho la mtu humo, naye analiona lako. Na jua hilo limekumulika uso wote."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Na nywele hizi."

Lakini kitana kilikuwa kimeshasimama hewani. Mama akakishusha, akainua mkono mtupu. Kule juu kiooni, mdogo kama picha ya kitambulisho, mwana akainua wake. Alibaki hivyo kwa muda mrefu, magari yakimpita nyuma. Kisha akageuka, akafungua mlango wa gari, akalitupa begi ndani, akaufunga.

"Amelirudisha," mama alisema polepole. Halafu akamgeukia mumewe. "Lakini wewe, bwana wee, usidhani umepona. Mwanamume gani huyu, anamfungulia mkewe dirisha la watu wote mtaani kuchungulia, halafu anakaa kimya kama—"

Mlango ukasukumwa. Mwana mkubwa aliingia mikono mitupu, akitazama dari, kinywa amekifumba kama alivyoahidi.