Jina la Kumi

Mjomba ndiye aliyenifundisha nomino za Kiingereza, na mpaka leo najilaumu kwamba nilimwelewa vizuri mno.

Alikuwa kaka yake mama, karani aliyekuwa akitafutwa na wanajeshi kwa sababu ambayo sisi watoto hatukuambiwa. Wiki tatu alijificha kwetu Old Kampala, katika chumba cha nyuma ya duka la baba. Mama alitukanya: jina lake lisitoke nje. Kila nilipotoka shule alinifundisha kwa vitu vya mle mle chumbani na vya mtaani. Gunia ni nomino ya kawaida. Nakivubo, uwanja wa mpira, ni ya pekee, huanza na herufi kubwa. Umati wa watu wa soko la Owino ni nomino ya makundi. Nikamuuliza, na woga je? Akasema huo ni wa dhahania, hauonekani. Nilimbishia, maana nilikuwa nauona usoni mwake kila mlango ulipogongwa.

Siku moja mwalimu akatupa kazi: majina kumi ya watu wa nyumbani. Bila mjomba, kwetu tulikuwa tisa. Mwenye akili angemwandika paka. Mimi, kwa kimbelembele changu, nilimwandika mjomba, jina lake na la babu, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Niliona namshukuru. Mama alikataza kusema, kuandika sikukuhesabu.

Shuleni tulisahihishana wenyewe kwa kubadilishana madaftari na jirani wa dawati. Jirani yangu alikuwa binti wa mwanajeshi. Tulikalishwa pamoja kwa kuwa ni sisi wawili tu tuliozungumza Kiswahili nyumbani. Wenzetu walikiogopa, kwani ndicho walichoamrishwa nacho na wanajeshi barabarani. Daftari langu lilipofika mikononi mwake ndipo akili iliponijia. Nilinyoosha mkono nilichukue, mwalimu akanichapa vidole kwa rula.

Binti akapiga vema moja moja. Kwenye jina la kumi akasita.

"Huyu ni nani? Mbona mimi sijaona yeye kwenu?"

"Mjomba. Alishakufa."

"Pole," akasema, akapiga vema.

Nyumbani mjomba alikuwa akinisubiri. Akauliza nimepata ngapi. Kumi kwa kumi, nikasema. Akacheka, akanishika kichwa, akasema nitakuwa mwalimu. Nilitaka kumwambia akimbie. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia vile vile.

Ijumaa, baba akiwa msikitini, walikuja wanaume wanne. Hawakuuliza kitu, walipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Mama aliwasihi, wakamwambia anyamaze. Mjomba alitoka amebeba viatu mkononi. Hatukumwona tena.

Sijui kama ni yule binti aliyesema kwao, au jirani, au mteja wa dukani. Sikuthubutu kumuuliza. Tulikaa dawati moja hadi mwisho wa mwaka, tukiazimana kifutio.

Jioni ya Ijumaa ile mama alituita watoto, akatuuliza mmoja mmoja kama tulimtaja mjomba nje. Zamu yangu ilipofika nikasema hapana. Hakunitazama mara mbili. Akanivuta kifuani mbele ya wenzangu wote, akaniambia pole, kwa kuwa mimi ndiye niliyempenda mjomba kuliko wote.