Ngamia Aliyeitwa Makame

Kheir Silima ananadi samaki Mkokotoni. Ana miaka hamsini na mbili, na sauti yake inafika kutoka dikoni, pale wavuvi wanaposhusha, mpaka barabara kuu. Lakini kabla ya samaki alikuwa na banda la video. Lilikuwa banda la makuti, watoto wakikaa juu ya jamvi. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na Kheir, mwenye Kiingereza cha kuokoteza, alisimama ubavuni mwa televisheni akizitafsiri kwa mdomo. Asichokielewa alikitunga.

Katuni waliyoipenda watoto kuliko zote ilikuwa ya ngamia mdogo aliyepotezana na mama yake katika dhoruba ya mchanga. Kheir alimwita Makame, na jina likamganda.

Mwaka huu, asubuhi moja, mwanamke aliyevaa baibui alimngojea amalize kunadi tenga la changu.

"Shikamoo, Ami Kheir."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwanapili, wa Mzee Pandu. Nilikuwa nakaa mbele kabisa bandani kwako."

Kheir akamtambua kwa macho. Siku hizi alikuwa mwalimu, anaishi Mpendae, mjini.

"Makame karudi, Ami," Mwanapili alisema, akicheka kama mtoto. "Wametoa ya pili, baada ya miaka kumi na tisa. Sasa mtu mzima, ana mwanawe. Tumepata ukumbi Mpendae, Jumapili baada ya Alasiri. Wote wa banda lile tunakuja. Tunataka utafsiri weye."

"Si nyote mshasoma? Kiingereza mnakijua."

"Tunakijua. Lakini Makame hatukumjua kwa Kiingereza."

Akampa flashi, akaenda zake.

Kheir aliitazama filamu nyumbani na binti yake Tahiya, anayesoma chuo, ili amwambie maneno yasiyomwingia. Alicheka sana mwanzo. Kisha ngamia, mkubwa sasa, akampandisha mwanawe kilimani jangwani, akasimama mbele ya mifupa.

"Anamwambiaje?" Kheir aliuliza.

"Anamwambia hapa ndipo alipofia bibi yake, siku ya dhoruba."

Kheir akainuka kitini.

"Vipi, Baba? Si alikufa tangu ile ya kwanza?"

Kheir alijua. Wiki aliyoionesha ile ya kwanza, mama yake Mwanapili alikuwa amefariki akijifungua. Majirani walimleta Mwanapili bandani ili asikae kwenye kilio. Mama ngamia alipoanguka na mchanga ukamfunika, Kheir alimtazama yule mtoto wa miaka saba, na ulimi ukageuka wenyewe: "Mama kaenda kutafuta maji. Makame, msubiri, atarudi." Tangu hapo akawa hana budi kusema hivyo kila mara, maana watoto walishayahifadhi.

Basi akakosa raha. Mnadani aliita pweza ngisi, watu wakamcheka. Akikaa, anataka kusimama. Akisimama, hajui aende wapi. Alimpigia simu Mwanapili mara mbili ili amwambie, na mara zote mbili akaishia kuulizia kipaza sauti. Jumapili alifika Mpendae kabla ya Adhuhuri, akazunguka ule ukumbi mpaka makubadhi yakajaa vumbi.

Ukumbi ulijaa. Wanaume wenye ndevu, wanawake wenye watoto mapajani. Aliposema tu, "Makame huyooo!" wakaripuka kwa kelele. Maneno yakamtoka vizuri, kama zamani.

Kikaja kilima. Ngamia akasimama, mdomo wake ukacheza, na Kheir akanyamaza.

"Ami, sauti imekatika!" mtu alipiga ukelele.

"Anasema..." Kheir alianza. "Anasema mama yake alikufa hapa. Hakwenda kutafuta maji. Alikufa siku ileile ya dhoruba. Aliyesema kaenda kutafuta maji ni mie."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja wa mstari wa pili alivua kofia akajifunika uso, na kilio kikapita kutoka mstari hadi mstari, watu wazima wakilia mbele ya watoto wao. Mwanapili aliinuka akatoka nje. Kheir alitaka kumfuata, lakini filamu ilikuwa inakwenda na watoto wanauliza, "Anasema nini sasa?" Akatafsiri mpaka mwisho, miguu haitulii.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta.

"Mwanangu, nisamehe."

"Baba alinambia mama kafa," Mwanapili alisema bila kumtazama. "Nikamwambia muongo. Mama kaenda kutafuta maji, atarudi. Miaka miwili, Ami, kila jioni nakaa mlangoni. Na baba hakujua hata siku moja maneno yale nimeyatoa wapi."

"Nilishindwa kukutazama usoni ukilia."

"Sijui nikushukuru au nikugombeze." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini baba yu hai. Nenda ukamwambie."

"Kesho nitakwenda."

"Leo. Nami nakuja."

Walifika Mkokotoni Magharibi imeshasaliwa. Mzee Pandu alikuwa barazani kwake. Alisikiliza yote, kichwa amekiinamisha, halafu akapiga goti lake kofi.

"Kumbe ni wewe! Mie miaka yote nikimlaumu mama mkwe, Mungu amrehemu, kwamba yeye ndiye aliyemtia mtoto maneno!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kilipokwisha, alimshika binti yake mkono.

"Siku nyengine," alisema, "nilitamani iwe kweli. Nami nilikuwa nikitazama njiani."

Kheir akainuka kuaga.

"Kaa, Ami," Mwanapili alisema. "Nakwenda kuleta kahawa."

Akakaa kwenye ukingo wa baraza, goti likimcheza, asijue kama ameshasamehewa.