Siti na mtandio wake katika chumba cha kuzalishia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya nyumba ya kuzalishia ya misheni hapa Baraka, kando ya ziwa, Siti Yunusu anaopoa mitandio yake miwili myeupe kutoka kwenye maji yanayochemka. Anaikamua, anaianika. Wa tatu, mkavu, anaufunga kichwani mpaka unafunika masikio na shingo. Kisha anaingia ndani, ambako mama mwenye uchungu anamwita kwa jina.

Siti, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni Mwislamu wa hapa ziwani na msaidizi wa mkunga. Mpaka miaka miwili iliyopita, hakuruhusiwa kufanya kazi ndani akiwa na mtandio huo.

Aliajiriwa mwaka 1951 kufua mashuka. Alipoomba kazi ya ndani alionyeshwa sare: gauni la mikono mifupi na kofia ndogo inayoacha nywele wazi. Akakataa.

"Nilibaki na kufua miaka tatu," anasema. "Mashuka ya damu, kila siku. Lakini mi siwezi kusimama kichwa wazi mbele ya batu."

Wanawake wa Kiislamu nao hawakupenda kuja. Mwaka 1953 walifika wanne tu. Wengine walijifungulia nyumbani, na baadhi yao walizikwa pamoja na watoto wao.

Adhuhuri moja ya mwaka 1954 aliletwa Zubeda, mke wa mwenye mashua wa kijiji cha Kazimia, akiwa na uchungu wa siku mbili. Mtawa mkunga, Mamere Dorothée, alikuwa peke yake, akamwita muuguzi Anatole amsaidie. Zubeda alijifunika kanga, akageukia ukuta.

"Ule mwanaume atoke! Afadhali nikufe!"

Siti aliyasikia hayo akifua kwenye karai. Aliacha mashuka, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akaingia bila kuitwa. Anatole akatoka. Siti alimshika Zubeda mabega, akamwongelesha, akamgeuza kama mtawa alivyoelekeza. Mtoto alitoka akiwa amezungukwa na kamba ya kitovu shingoni. Mtawa akaiondoa upesi. Halafu mtoto akalia.

"Kesho utaingia kazi ya ndani," Mamere alimwambia.

"Na hii kitambaa?"

Mtawa aligusa shela lake mwenyewe. "Mi nafunika kichwa miaka makumi mbili na tatu. Haijazuia mutoto hata moja kuzaliwa."

Jioni hiyo wawili hao walikata kitambaa kipya: gauni refu, na mikono inayokunjwa na kufungwa kwa utepe wakati wa kazi.

Mtaani walinong'ona kwamba Siti amebatizwa.

"Sokoni baliniita Mamere ya Baislamu," anasema huku akicheka. "Nikabajibu: mukuje adhuhuri, mutaona mi naswali wapi."

Wakaja kuona, kisha wakaja kuzaa. Mwaka jana, 1955, Waislamu sitini na mmoja walijifungulia hapa, na Anatole siku hizi hubisha hodi kwanza.

Wiki iliyopita Siti alipokea barua: amekubaliwa katika shule ya wakunga, na atavaa kama anavyovaa sasa. Akimaliza, anataka kwenda Kazimia.

"Kule iko bamama mingi," anasema, "na haiko hata chumba moja ya kuzalia. Mi nitaanza na moja."