Uso Nyuma ya Uzio wa Mjomba Chilumba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na hizo simu wekeni chini kwanza. Siwaombi, nawaambia. Ninayotaka kuyasimulia si marefu, lakini mtu akiyasoma huku kidole kinateleza kwenye kioo ataishia njiani, kisha aje kuniuliza, "Bibi, kwani huyo mjomba alifanya nini?" Mimi sijibu mara mbili.

Tulikulia Mkunya, juu huku mlimani, mahali ambapo maji yalikuwa mbali na udongo mwekundu ulikuwa karibu. Ukivaa gauni jeupe asubuhi, jioni ni la rangi ya matofali. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukacheza mdako kwa korosho mbichi badala ya mawe, na aliyeshindwa ndiye aliyewachomea wenzake siku ya kuchoma, machozi yakimtoka kwa moshi. Msimu wa mabibo tulikula mpaka midomo inakaza, na doa lake likiingia kwenye nguo halikutoka mpaka nguo yenyewe iishe. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga. Kuchota maji kulikuwa kwangu, na kisima hakikuwa kinajua kwamba kengele imelia.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa ndiyo inaanza, biashara imeachiwa huru. Kabla yake duka lilikuwa na rafu na vumbi, na mwenye duka alikaa kama mtu anayelinda makaburi. Khanga ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, kiberiti cha foleni. Halafu ghafla vitu vikaanza kupanda mlima. Sabuni za kunukia, mitumba, sufuria zinazong'aa, na redio kaseti zenye vifungo vingi kuliko akili ya aliyezinunua. Watu walikuwa wanasimama dukani bila kununua, wanaangalia tu. Mama yangu naye aliangalia, lakini yeye aliangalia kitu kimoja: boksi dogo la vipuri vya cherehani.

Hapo ndipo lilipoanzia jambo langu.

Mama alikuwa mshonaji. Watu walimwita Mama Zai, Zai ndiye mimi. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, ya chuma cheusi, na ilikuwa haipo. Miaka miwili nyuma ilikwama, na kaka yake, Mjomba Chilumba, akaibeba akisema anaipeleka Masasi kwa fundi anayemjua. Tangu hapo jibu likawa moja.

"Kaka, cherehani yangu?"

"Dada yangu, spea hakuna. Nchi nzima hakuna."

Na kweli hapakuwa na spea, kwa hiyo mama alinyamaza, akashona kwa mkono, vidole vikawa na matundu kama chekeche. Ila spea zilipofika Newala, Mjomba Chilumba alianza kupita njia nyingine. Akimwona mama mbele anakumbuka ghafla kwamba amesahau koti.

Mjomba alikuwa seremala. Ufundi aliupatia kwenye karakana moja upande wa Lulindi, na tofauti na maseremala wengine yeye hakutengeneza meza na viti. Alikata nakshi. Alikata marufaa ya kuwekea msahafu yenye maua ubavuni, alikata misalaba yenye majani ya mzabibu kwa Wakristo wa Lulindi, alikata majina ya watu yakaning'inia juu ya milango. Mbao aliitoboa katikati mkajiuliza msumeno uliingilia wapi. Hakuna aliyejua, kwa sababu alifanyia kazi nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa nyasi mrefu kuliko mtu, na mlango aliufunga kwa kamba.

Sasa nyinyi mliokulia mjini hamjui maana ya uzio kama ule kwetu. Kwetu kuna lipiko, uso wa mti ambao wanaume huuvaa wakacheza ngoma wakati wa jando. Mwanamke huutazama ukicheza, tena kwa mbali na mguu mmoja uko tayari kukimbia. Lakini namna unavyochongwa, na uso wenyewe ukiwa umetundikwa bila mtu ndani yake, hayo hayamhusu mwanamke, sembuse mtoto wa kike. Kwa hiyo mwanamume akizungushia nyasi mahali na kusikika anakata mti, wanawake hawaulizi. Wanapita upande wa pili na ndoo zao. Mjomba Chilumba hakusema hata siku moja kwamba anachonga lipiko. Hakusema pia kwamba hachongi. Aliacha nyasi ziseme.

Mimi nilipita pale kila siku na maji kichwani, na kila siku nilisikia kitu kinachonisumbua. Ndani ya uzio kulikuwa na mlio: ta-ka-ta-ka-ta-ka, unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Mlio ule niliujua. Nililala nao mgongoni mwa mama nikiwa mchanga. Ni cherehani. Nikajiuliza: lipiko linashonwa? Kuna nguo humo ndani? Nani anashona? Harufu inatoka ya mninga uliokatwa, unga mwekundu unapepea juu ya nyasi unaniingia puani, lakini mlio ni wa nguo. Swali hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki. Mtoto wa leo angelitupa kwenye simu akajibiwa, na angekuwa amelisahau kabla chai haijapoa. Mimi nilitembea nalo miezi.

Siku moja adhuhuri nilitua ndoo, nikatenga nyasi kwa vidole viwili, nikaweka jicho.

Kwanza niliona ukuta. Halafu ukutani nikaona uso. Uso wa mti mpana, macho mawili ya mviringo makubwa meusi, na chini yake mdomo uliopasuliwa upande hadi upande, umejaa meno membamba yamesimama. Ulinitazama. Sikuona kingine isipokuwa, chini kabisa, miguu ya chuma cheusi. Nilikimbia, ndoo nikaiacha. Ndoo ya maji, mlimani huku! Mama alinichapa kwa ajili ya ndoo ile, na mimi nikafurahi kuchapwa, maana niliona pengine adhabu yangu ndiyo imekwisha.

Haikwisha. Wiki ile nikashikwa na homa. Na baada ya siku chache wasichana wa rika langu tulikuwa tunaingia unyagoni. Kungwi wetu, Mama Salima, alikuwa ameshatuambia sote: aliye na jambo alilolificha aliseme kabla, kwa sababu akiingia nalo linawapata wenzake wote. Nikajiona nimeharibika. Nikisema, nitabakia nje, wenzangu wataingia watoke, na mimi nitabaki mtoto anayechekwa na watoto. Nisiposema, nitawaua.

Nilimwambia bibi yangu, mama yake mama, tukiwa porini tunachimba ming'oko, viazi vya mwituni. Alikuwa amepiga magoti, mkono umezama shimoni mpaka bega anafuata mzizi. Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakuutoa mkono.

"Macho mangapi?"

"Mawili, Bibi. Ya mviringo."

"Mdomo?"

"Una meno."

Akachomoa ming'oko, akaikung'uta udongo, akaiweka kapuni. "Twende nyumbani. Na wewe funga hicho kinywa sasa, umekifungua vya kutosha."

Jioni ile uani kwetu walikaa Bibi, mama, na Mama Salima kungwi. Mjomba Chilumba aliitwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, yeye ndiye anayemkabidhi unyagoni na yeye ndiye anayeulizwa. Alikuja na unga wa mbao kwenye nyusi kama mzee wa miaka mia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chilumba, huyu mtoto ameona uso kwako. Mimi siulizi uso gani. Nauliza, ameharibika au hajaharibika?"

Mama Salima akasema, "Kama ni kile tunachokifikiria, mwaka huu haingii. Atakaa. Na mwaka kesho tutaona."

Mjomba alikuwa na njia ya kupita. Angenyamaza tu. Mwanamume akinyamaza kwenye jambo la lipiko hakuna mwanamke wa kumlazimisha. Angenyamaza, akatoa kuku wa kunitakasa, akarudi ndani ya uzio wake. Aliniangalia mimi. Nilikuwa nimekonda, shingo kama ya kuku. Kisha nikashangaa: hakumwangalia kungwi wala Bibi, alimwangalia mama yangu.

"Njooni mwone," akasema.

"Nani aone?" Bibi akauliza kwa ukali. "Sisi wanawake?"

"Nyote. Na mtoto."

Akafungua kamba. Bibi aliingia kinyumenyume, khanga usoni. Mama Salima akafuata ameshika hirizi. Na mimi nikaburutwa.

Uso ulikuwepo ukutani. Mjomba akautoa msumari, akaupachika kwenye boksi la mbao lililokuwa mezani na matumbo ya redio ndani yake, ukakaa kama mfuniko. Akachukua spika ya redio akaitia nyuma ya jicho moja, na ya pili nyuma ya jicho jingine. Akaunga waya kwenye betri. Uso ukakoroma, ukakohoa, ukaanza kusoma taarifa ya habari.

Lilikuwa kasha la redio. Mfanyabiashara mmoja wa Nanganga alikuwa ameagiza, plastiki ya redio yake ilipasuka kwenye lori. Macho yalikuwa matundu ya spika, na meno ni vijiti alivyovikata ili sauti ipite.

Mama Salima alicheka mpaka akakaa chini kwenye unga wa mbao. "Zai! Hilo ndilo lipiko lako? Linajua mpaka bei ya pamba!" Bibi akaondoa khanga usoni, akanitazama, akasema, "Na ming'oko yangu mingine nimeiacha shimoni kwa ajili ya huyu." Mimi nililia kwa raha, kamasi na vumbi jekundu pamoja.

Mama ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Hiyo miguu naijua."

Redio ikaendelea peke yake mpaka Bibi akavuta waya.

Miguu ya cherehani ilikuwa pale, pedeli pale, gurudumu pale. Juu yake, mahali pa kichwa, Mjomba alikuwa amefunga mikono miwili ya mti, na katikati yake umesimama msumeno mwembamba kama utambi, aliouchonga kwa tupa kutoka kwenye springi ya saa mbovu. Ukikanyaga pedeli, mikono inapanda na kushuka, msumeno unakata. Masasi haikufika cherehani ile hata siku moja. Kichwa chake alikuwa amekifunga kwenye gunia, amekipaka mafuta, amekiweka darini. "Sikukiuza, dada. Hata skrubu moja sikuuza. Kesho nafungua hii, nakurudishia."

Nilidhani mama atampiga. Alivuta kigoda, akakaa, akaweka miguu kwenye pedeli. Miguu ile ilikuwa haijaigusa kwa miaka miwili. Akaanza taratibu. Ta-ka. Ta-ka. Msumeno ukapanda na kushuka bila kutetemeka, nasi sote tukausikia: haukuwa mlio niliousikia miezi yote ile. Ule wa Mjomba ulikuwa unakimbia na kukwama.

"Huu uzi wa chuma unakatika mara ngapi kwa siku?" mama akauliza.

"Mara tatu. Nne."

"Unakanyaga kama unaua nge, ndiyo maana." Akanyoosha mkono. "Lete mbao."

Mjomba akaleta kipande chenye ua lililochorwa kwa penseli. Akatoboa tundu dogo katikati ya ua, akafungua msumeno juu, akaupitisha tunduni, akaufunga tena. Mama akatikisa kichwa. "Kumbe ni kutunga sindano tu." Halafu akaizungusha mbao polepole, kama anavyozungusha kitambaa kwenye kola ya shati, na ua likatoka zima, pembe zake laini, likaanguka mapajani mwake.

"Usifungue kesho," mama akamwambia. "Nitafutie miguu mingine ya kushonea. Hii umeshaifanya ya kukatia mbao, nifundishe na mimi."

Unyagoni niliingia na wenzangu. Ya huko sisemi. Nilipotoka nilikaribishwa ndani ya uzio, na kabla mwaka haujaisha nyasi zilioza, hakuna aliyezirudishia. Wanawake wakawa wanatua ndoo pale, wanatazama, wanauliza. Mama alikata kwa miguu hiyo mpaka uzee. Baada yake nikakata mimi.

Siku hizi mwanangu Hamisi anakatia mashine ya umeme, inalia kama nyuki, na bledi ananunua za pakiti. Sikatai, ni nzuri. Siku zile kitu kimoja kilichofichwa kilitosha kumnyima mtoto usingizi miezi. Leo kila kitu kiko wazi kwenye vioo vyenu na hamna hata mmoja anayetenga nyasi kwa vidole viwili. Wajukuu wangu wanapita mlangoni pa karakana hawageuki. Nasikitika, sifichi.

Mwaka jana Hamisi alirudi na mabati kumi. Anasema watu wanakuja kupiga picha michoro yake wakaiige, anataka kuzungushia karakana. Siku hiyo hiyo kulikuwa na kitoto cha jirani, cha kike, kimesimama na ndoo yake tupu, kinatazama mashine ya mama yangu kwa mdomo wazi, na Hamisi akakipigia kelele kiondoke.

Niliwaita wote uani, watoto, wakwe na wajukuu. Nikawaambia: mabati hayo yaezekeeni choo. Hapa hapazungushwi kitu. Na huyo mtoto mrudisheni, mpeni kigoda, miguu yake iwekwe kwenye pedeli.